Beni na Butembo: Kazi ya likizo ya historia, majibu yako jikoni kwa koko

Mwanzoni mwa Julai, buletini zikisha kugawanywa, wanafunzi wengi wa Butembo hufunga kaye zao na kusahau shule kwa miezi miwili. Wanaobaki na mzigo ni wale wanaopanda kwenda mwaka wa mwisho wa sekondari, ambao mtaani huanza kuitwa wafinalisti hata kabla ya kukalia benchi ya darasa hilo. Kwao likizo kubwa ni nusu likizo. Mwalimu wa Kifaransa anataka kitabu kisomwe na kufupishwa, wa hesabu ameacha mazoezi ubaoni. Wa historia na mwenzake wa elimu ya uraia na maadili wanaacha maswali ambayo jibu lake halimo ndani ya kaye.

Ni maswali ya aina hii: Nani alitawala Beni mwaka 2001, na kwa sheria ya nani? Kwa nini mjomba aliyezaliwa mwaka 1974 hana jina la Kikristo kwenye karatasi zake, wakati kanisani wanamwita Joseph? Wewe na wazazi wako mlikuwa wapi tarehe 30 Desemba 2018?

Hilo la mwisho ndilo linaloonyesha kwa nini kazi ya likizo katika Beni na Butembo haifanani na ile ya Kinshasa au Lubumbashi. Kijana aliyekuwa na miaka 17 mwaka 2025 alizaliwa mwaka 2008. Mauaji ya raia katika eneo la Beni yalipoanza Oktoba 2014, alikuwa na miaka sita. Ebola ilipotangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018, alikuwa na miaka kumi. Utawala wa kijeshi ulipoanza Mei 2021, alikuwa ndiyo kwanza anamaliza mwaka wa saba, kwa hiyo karibu masomo yake yote ya sekondari ameyafanya chini ya gavana mwenye magwanda. Mtu huyu ameishi historia nyingi kuliko kitabu chake.

Lakini mtihani wa serikali haumuulizi habari hizo. Katika Examen d'État, historia iko siku ya utamaduni wa jumla, pamoja na jiografia na elimu ya uraia, na mwanafunzi anachagua jibu moja kati ya yale yaliyochapwa. Mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885, Leopold II, Meza ya Duara ya Brussels mwanzoni mwa 1960, tarehe 30 Juni. Anayekariri vizuri anapita. Kuandika kwa urefu kunadaiwa kwenye insha ya Kifaransa, wiki kadhaa kabla ya mtihani wenyewe, na pale wengi huanguka kwa sababu ya kukosa la kusema, wala si kwa sababu ya sarufi peke yake. Mwalimu wa historia anayetoa kazi ya likizo anajua kwamba anacheza mechi mbili kwa pamoja: kumfundisha mtoto kuweka alama kwenye jibu sahihi, na kumfundisha kujaza kurasa mbili kwa mawazo yake mwenyewe.

Kazi iliyo rahisi kutoa ni kusoma Katiba. Ile ya tarehe 18 Februari 2006 inapatikana kwenye simu nyingi, na kifungu chake cha 45 kinaiamuru serikali kuhakikisha kwamba Katiba hiyo, pamoja na Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu na Mkataba wa Afrika, inafundishwa. Mwalimu kwa hiyo hatoi zawadi, anatekeleza sheria. Wengine huanza na mtego mdogo: wanamwambia mwanafunzi aende asome kifungu cha 15. Kila Mcongo anajua «article 15», kwamba jitegemee, tafuta namna yako ya kuishi. Mwanafunzi anafungua akitegemea kucheka, na anakuta kwamba kifungu cha 15 cha Katiba inayotumika leo kinazungumzia wajibu wa mamlaka kuondoa ubakaji na ukatili wa kingono. Katika jimbo hili, baada ya kusoma hapo, kicheko huisha chenyewe.

Kisha inakuja hesabu. Kifungu cha 85 kinamruhusu Rais kutangaza état de siège, baada ya kushauriana na Waziri Mkuu na maspika wa mabaraza mawili. Kifungu cha 144 kinasema hali hiyo inakwisha baada ya siku 30, isipokuwa Bunge na Seneti wakiruhusu iendelee kwa vipindi vya siku 15, kimoja baada ya kingine. Katika Kivu Kaskazini na Ituri ilianza kutumika tarehe 6 Mei 2021. Mwanafunzi achukue biki, ahesabu: toa siku 30 za kwanza, gawanya zinazobaki kwa 15. Kufikia Julai 2025, hesabu ya kwenye karatasi inakaribia mara mia moja. Swali linalofuata si la hesabu tena: kitu kilichoandikwa kuwa cha muda kikiongezwa karibu mara mia, bado ni cha muda? Na katika komine yako nini kilibadilika? Meya alikuwa raia, akawa ofisa wa polisi. Raia anayeshitakiwa kwa kosa la jinai alijikuta mbele ya mahakama ya kijeshi. Oktoba 2023 Rais Félix Tshisekedi alitangaza kwamba utawala huo utalegezwa hatua kwa hatua. Kazi ni kuuliza majirani waliona nini, si kuandika kilichosemwa kwenye redio.

Hapa kuna jambo ambalo vijana wa Beni wanalijua vizuri kuliko vitabu. Aprili 2021, wanafunzi wa mji huo waliacha madarasa wakapiga kambi kwenye meri wakidai usalama na wakimtaka Rais aje ajionee mwenyewe. Walilala pale siku kadhaa hadi walipofukuzwa. Siku chache baadaye état de siège ikatangazwa. Je, kimoja kilisababisha kingine, au vilifuatana tu? Mwanafunzi wa historia anayeweza kueleza tofauti hiyo kwa aya tatu ameshapata zaidi ya nusu ya somo. Na anaweza kumuuliza kaka yake, kwa sababu huenda kaka alikuwa kwenye ile kambi.

Swali la 30 Desemba 2018 linahitaji nafasi zaidi, maana ndani yake kuna karibu kila kitu ambacho elimu ya uraia inataka kufundisha.

Tarehe 26 Desemba 2018, zikibaki siku nne nchi nzima ipige kura, tume ya uchaguzi, CENI, ilitangaza kwamba Beni, Butembo na Yumbi hazitapiga siku hiyo. Kwa Beni na Butembo sababu zilizotolewa zilikuwa Ebola na usalama mdogo. Kura yao iliahirishwa hadi Machi 2019. Wapigakura zaidi ya milioni moja wakatolewa kwenye uchaguzi wa rais, maana mshindi alitangazwa na kuapishwa tarehe 24 Januari 2019, miezi miwili kabla ya wao kuona karatasi ya kura. Tarehe 31 Machi walipiga kura, lakini ya wabunge tu.

Watu hawakukaa kimya. Mjini Beni waliandamana, na tarehe 30 yenyewe wakaazi walijipanga mstari, wakanawa mikono kama walivyofundishwa kwa ajili ya Ebola, wakapiga kura yao ya mfano kwenye vituo walivyotengeneza wenyewe. Kura hiyo haikuhesabiwa popote. Mtoto wa miaka kumi aliyemshika mama mkono kwenye ule mstari ndiye mfinalisti wa leo, naye sasa anaambiwa afungue kifungu cha 5 cha Katiba, kinachosema kwamba mamlaka ya taifa ni ya wananchi na yanatumika kwa kura, aandike: siku ile sheria ilivunjwa, au ilisimamishwa kwa sababu halali? Nani alikuwa na haki ya kuamua? Desemba 2023 Beni na Butembo walipiga kura pamoja na nchi, huku sehemu kubwa ya Masisi na Rutshuru wakibaki nje kwa sababu ya vita. Je, swali ni lile lile? Mwanafunzi aliyekasirika kwa ajili ya Beni lazima ajaribu kufikiria pia kwa ajili ya Masisi, na hapo insha nyingi huanza kuwa ngumu na nzuri.

Kutoka kura mpaka Ebola ni hatua moja. Mlipuko ule ulidumu hadi tarehe 25 Juni 2020. Shirika la Afya Duniani lilihesabu wagonjwa 3,470 na vifo 2,287, idadi kubwa kuliko mlipuko wowote uliowahi kutokea Congo. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa. Tarehe 19 Aprili 2019, daktari wa Cameroon Richard Mouzoko, aliyekuwa akifanya kazi na WHO, aliuawa kwa risasi mjini Butembo. Ripoti nyingi za wageni ziliita hali hiyo «ukaidi wa wananchi». Mwalimu wa historia ana haki ya kumuuliza mwanafunzi: watu ambao wameuawa kwa miaka minne bila msaada kuja, halafu magari mengi yanakuja kwa ajili ya ugonjwa mmoja, halafu ugonjwa huo huo unatumika kuwanyima kura, wangeamini nini? Kuelewa chanzo cha shaka si kuhalalisha risasi iliyomuua daktari. Mwanafunzi anapaswa kuweza kuandika yote mawili kwenye ukurasa mmoja, na hilo linawashinda hata watu wazima wengi wenye maikrofoni.

Kazi nyingine inayofaa likizo inahusu majirani. Jeshi la Uganda liliingia mashariki ya Congo mwaka 1998 na kuondoka mwaka 2003, na Beni na Butembo zilikuwa katika sehemu iliyoshikwa. Tarehe 19 Desemba 2005, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya La Haye iliamua kwamba Uganda ilivunja sheria ya kimataifa. Tarehe 9 Februari 2022 iliiamuru ilipe dola milioni 325. Sasa angalia tarehe hizo: wakati majaji wanasoma hukumu ya malipo, jeshi la Uganda lilikuwa tayari limerudi Beni, safari hii kwa makubaliano na Kinshasa, katika operesheni Shujaa iliyoanza tarehe 30 Novemba 2021 dhidi ya ADF. Baba anakumbuka wanajeshi wale wale wakiwa watawala. Mtoto anawaona wakipita kama washirika. Mwanafunzi akiwakalisha baba na mjomba mezani na kuwauliza tofauti iko wapi, atapata majibu mawili ambayo hayapatani, na anapaswa kuyaandika yote bila kumchagulia mtu.

Hata lile swali la nani alitawala Beni mwaka 2001 limepata maisha mapya. Wakati wa vita ya pili Beni ilikuwa makao ya RCD-K/ML ya Mbusa Nyamwisi, kukiwa na serikali yake, kodi zake na askari wake, hadi makubaliano ya jumla ya Pretoria ya tarehe 17 Desemba 2002 yalipofungua njia ya kuunganisha nchi. Mwaka 2025, baada ya Goma kuanguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari, utawala wa jimbo ulihamia Beni, na gavana Évariste Somo Kakule anafanyia kazi huko. Mji mmoja umekuwa makao ya uasi na kisha makao ya serikali, katika muda wa miaka ishirini na kidogo. Kulinganisha Beni hizo mbili, nani alikusanya kodi, nani alilipa walimu, ni kazi ambayo mwanafunzi wa mwaka wa sita anaiweza, na ambayo chuo kikuu hakitaona aibu kuipokea.

Yote hayo ni ya jana. Ya zamani yako kwa wakoko.

Mzee aliyekuwa na miaka kumi waasi wa Simba walipofika Butembo na Beni mwaka 1964 sasa ana zaidi ya miaka sabini. Waliokumbuka vizuri ukoloni, wale waliofanya kazi kwenye kampuni ya Minière des Grands Lacs ambayo kambi yake ndiyo iliyokuza Butembo, karibu wote wamekwenda. Vivyo hivyo wale ambao familia zao zilitolewa bonde la Semliki, watawala Wabelgiji walipopanua Parc Albert, Virunga ya leo iliyoundwa mwaka 1925, na kupigana na ugonjwa wa malale. Wanaobaki wanakumbuka Zaire: majina ya Kikristo yaliyokatazwa mwaka 1972, ambayo ndiyo sababu ya mjomba Joseph kukosa Joseph kwenye karatasi, na maduka ya wageni yaliyogawanywa mwishoni mwa 1973. Wanamkumbuka pia Emmanuel Kataliko, askofu wa Butembo-Beni kuanzia 1966 hadi 1997, na watu waliotengeneza barabara kwa mikono yao kwa kuitikia wito wake. Aliporudi Butembo Februari 2000 hakuja kutembea. Alikuwa askofu mkuu wa Bukavu, na RCD ilikuwa imemzuia kukanyaga jimbo lake. Alirudi Bukavu Septemba, akafariki Roma tarehe 4 Oktoba mwaka ule ule. Wapo waliomsalimia katika miezi ile ya uhamisho, na hawajaulizwa na mtu.

Ugumu wa kwanza ni lugha. Koko anasimulia kwa Kinande. Mjukuu anawaelezea wenzake kwa Kiswahili. Mwalimu anataka kazi kwa Kifaransa. Katika kila kuvuka kitu kinadondoka njiani, na mara nyingi kinachodondoka ndicho kilichokuwa kitamu. Walimu wajanja humwambia mwanafunzi aandike kwanza maneno ya mzee kama yalivyotoka, kwa lugha ile ile, upande wa kushoto wa kaye, na Kifaransa upande wa kulia. Ugumu wa pili ni tarehe. Mzee hasemi 1964. Anasema mwaka ule tulilala msituni, mtoto wangu wa pili akiwa bado ananyonya. Mwanafunzi anatafuta cheti cha ubatizo cha mtoto huyo wa pili, anahesabu, anapata mwaka. Hiyo ndiyo kazi yenyewe ya mwanahistoria. Mmarekani Randall Packard, aliyechapisha mwaka 1981 kitabu juu ya utawala wa jadi wa Bashu, naye alitegemea masimulizi ya wazee wa milima hii. Mjukuu wao hahitaji ndege kuwafikia.

Wasichana mara nyingi hulalamika kwamba likizo inawamaliza: maji, kuni, wadogo, sokoni. Ni kweli, na mwalimu anayetoa kurasa kumi bila kufikiria hilo anatoa kazi kwa wavulana peke yao. Lakini ndio wanaokaa jikoni na koko mwanamke saa tatu mfululizo wakitwanga sombe, na koko jikoni husema mambo ambayo hasemi sebuleni. Wavulana nao wako kwenye matofali, wakibeba ili kupata minervali ya Septemba, maana elimu ya bure iliyoanza mwaka 2019 ni ya shule za msingi tu. Upande wa Beni kuna shamba la kakao, pale ambapo bado kuna njia ya kufika shambani. Kwa aliyekimbia Eringeti au pembezoni mwa Oicha, anayelala kwa jamaa mjini Beni, kaye ya mwaka uliopita ilibaki kijijini pamoja na mbuzi. Kumwomba kazi ya likizo mtoto kama huyo ni jambo la kupima. Wengine wanasema tumwache apumzike. Upo pia upande mwingine: huyu ndiye ambaye wazee wake wametawanyika, na asipouliza msimu huu, msimu ujao hatajua wa kumuuliza yuko wapi.

Kuna mpaka ambao mwalimu mwenye akili anauchora wazi kabla ya kufunga shule. Mwanafunzi haulizi nani aliua nani katika kijiji chake. Haandiki majina ya watu walio hai katika habari za makundi yenye silaha, wala haendi kwenye barrière kuhoji vijana wenye bunduki. Kaye yenye majina na tarehe, ikikutwa ndani ya mfuko wa mtoto njiani kati ya Butembo na Beni, kilomita zipatazo 54 zenye vizuizi, inaweza kusomwa vibaya na mtu yeyote aliye pale. Mzee akiandikwa, aandikwe kwa umri na mtaa: mama wa miaka 74, Furu, baba wa miaka 70, Mulekera. Na mzee akisema basi, imetosha, biki inawekwa chini. Kuna mama ambao mwaka 2016, usiku wa Rwangoma, uliwachukulia watu wengi kwa mara moja, na hakuna pointi za shule zinazostahili kuwarudisha pale kwa sababu mtoto anatafuta 16 kwa 20.

Kengele hulia mwanzoni mwa Septemba. Kaye zinarudi, nyingine na madoa ya mafuta ya mawese, nyingine zimenakiliwa kutoka kwa jirani hadi kosa la tahajia, jambo ambalo mwalimu hulitambua kwenye mstari wa pili. Anazipanga juu ya meza, zaidi ya hamsini kama darasa ni la kawaida, na kuanza na ile ambayo upande wa kushoto umejaa Kinande na upande wa kulia mwanafunzi ameacha nafasi tupu, akaandika kwa penseli kwamba neno hili koko amelieleza mara tatu na Kifaransa chake hakijapatikana.